Ziara ya baa za Dublin: ulipe kiongozi au uzunguke mwenyewe?

Ujumbe ulitufikia kwa simu baada ya kipindi cha jioni. Mama mmoja anayetusikiliza kutoka migombani, chini ya Mlima Kilimanjaro, ana binti muuguzi anayefanya kazi Dublin, mji mkuu wa Ireland. Binti amewakatia wazazi wake tiketi waende kumtembelea wiki mbili. Katika mambo aliyowapangia kuna kitu kinaitwa ziara ya baa: jioni nzima mnaongozwa kutoka baa hadi baa, na mnalipia. Mama anauliza: "Hivi kweli mtu analipa ili aonyeshwe baa? Baba ana sukari, bia anaionja tu. Mimi sinywi kabisa. Si bora tutembee wenyewe, hela ibaki?"

Tulicheka kidogo, kisha tukaona swali lina uzito. Wasikilizaji wetu wenye watoto au ndugu Ulaya wanaongezeka kila mwaka, na wanaoalikwa kwenda kuwaona wanaongezeka pia. Tena swali hilohilo linageuka na kuja kwetu: wageni wanaokuja Marangu na Materuni kuonja mbege wanajiuliza kama watafute kiongozi au waingie wenyewe. Kwa hiyo tumeona tulieleze kwa kirefu, kwa mji mmoja, Dublin.

Baa ya Ireland ni mahali gani

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwetu ukisema baa, wengi wanafikiria muziki wa juu, nyama choma na viti vya plastiki. Baa ya zamani ya Dublin imekaa tofauti. Ni chumba cha mbao nyeusi, taa hafifu, kaunta ndefu na watu wanaozungumza. Kilichowapeleka pale kwanza ni mazungumzo, kinywaji kinakuja kusindikiza. Waayalandi wana neno lao kwa gumzo tamu la namna hiyo, wanaliita craic. Mzee huweza kukaa na glasi moja saa nzima bila mtu kumuuliza. Watu hunywa chai pale, hula supu, husoma gazeti. Mtoto anaruhusiwa kuingia akiwa na mzazi, ila saa tatu usiku ikifika sheria inamtaka atoke, na katika miezi ya kiangazi ni saa nne.

Baa hizo zimeingia hata kwenye vitabu. Mwandishi James Joyce, katika riwaya yake Ulysses iliyotoka mwaka 1922, anamfuata mtu mmoja akizunguka Dublin kwa siku moja tu, tarehe 16 Juni 1904. Mtu huyo, Leopold Bloom, anawaza kwamba ingekuwa fumbo zuri kuvuka mji mzima bila kupita mbele ya baa hata moja. Mchana anaingia baa ya Davy Byrne's, Mtaa wa Duke, anakula mkate wa jibini na kunywa glasi ya mvinyo. Baa hiyo ipo mpaka leo, na kila tarehe 16 Juni watu huja wamevaa kofia za zamani kuagiza chakula kilekile.

Na Guinness je? Hiyo tunaijua sote. Arthur Guinness alianza kutengeneza bia Dublin mwaka 1759, kwenye kiwanja alichokodi kwa miaka 9,000, kwa pauni 45 kwa mwaka. Huo ni mkataba ambao wenzetu wenye migogoro ya mashamba wangeutamani. Lakini Guinness ya bomba inayouzwa kule ina kilevi asilimia 4.2 hivi, nyepesi kuliko ile ya chupa tuliyoizoea Afrika Mashariki. Kipimo chao ni painti, mililita 568. Kwa hesabu ya kilevi, painti moja inakaribiana na chupa kubwa ya hapa ya nusu lita yenye asilimia 5. Ukikumbuka hilo tu, utajua umekunywa kiasi gani.

Kiongozi anauza nini

Ramani haiuzwi. Dublin ya katikati ni ndogo, Mto Liffey unaikata katikati, na baa nyingi zenye historia ziko umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka Mtaa wa Grafton. Simu yenye bando itakufikisha kila mlango. Kwa hiyo anayelipa kiongozi ili asipotee amelipia kitu alichokuwa nacho mfukoni.

Kiongozi anauza maneno. Na ziara za Dublin zinatofautiana sana kwa aina ya maneno zinayouza, kiasi kwamba kuuliza tu "ni ziara ya baa?" hakutoshi.

Ipo ziara ya waandishi, iliyoanza mwaka 1988. Hukusanyika jioni ghorofani katika baa ya The Duke, na wanaoongoza ni waigizaji wawili. Hawaelezi tu, wanaigiza vipande vya michezo na hadithi za waandishi wa mji huo, wanapita na wageni uwanja wa Chuo cha Trinity, walikosoma Oscar Wilde na Samuel Beckett, na katika saa mbili na ushee mnaingia baa chache. Kila baa mnapewa muda wa kununua kinywaji, kisha safari inaendelea. Mwenye kupenda michezo ya kuigiza ya redio ataipenda, maana ndiyo hiyohiyo ila unawaona.

Ipo ziara ya muziki. Hiyo inaongozwa na wanamuziki wawili wanaopiga, wanasimama, wanaeleza huu ni wimbo wa kuchezea, ule ni wa kuomboleza, ngoma hii inaitwa bodhrán na inapigwa kwa kijiti kifupi. Mnakaa chumba cha pembeni, kwa hiyo mnasikia vizuri.

Halafu zipo ziara za vijana. Hizi huuza vinywaji vikali vya bei nafuu, michezo ya kunywa, na mwisho mlango wa disko. Hazina historia yoyote zaidi ya ile ya asubuhi yake. Kwa baba mwenye sukari na mama asiyekunywa, hii ni fedha iliyotupwa mtoni, na binti anayetafuta tiketi mtandaoni anaweza kuikata bila kujua kwa sababu zote zinatangazwa kwa jina moja. Dalili ni rahisi kuziona: tangazo likitaja glasi za bure na kuingia klabu, achana nalo. Likitaja waandishi, muziki au jengo, endelea kusoma.

Bei za ziara za maneno huwa kama euro 15 hadi 30 kwa mtu mmoja. Euro moja ni kama shilingi 150 za Kenya, na kwa Tanzania ni karibu shilingi 3,000, ingawa inapanda na kushuka. Jambo ambalo wengi hawaulizi mpaka wameshafika: mara nyingi kinywaji hakimo. Unalipa kusikiliza, halafu unalipa tena kaunta. Watatu kwa euro 20 ni euro 60 kabla hujashika glasi.

Kuna pia ziara zinazoitwa za bure. Hizo zina bakshishi mwishoni, kiongozi hana mshahara mwingine, na kuondoka kimyakimya huonekana ubahili. Watu huacha euro 10 au zaidi. Kwa hiyo uzipigie hesabu kama za kulipia.

Namna ya kumpima kiongozi

Kuna baa iitwayo The Brazen Head, karibu na mto. Maandishi yake yanadai ilianzishwa mwaka 1198. Jengo unaloliona ni la karne ya 18. Yote mawili yanaweza kusemwa kwa uaminifu: kwamba wenyewe wanadai mwaka huo, na kwamba kuta hizi si za mwaka huo. Kiongozi mzuri atakwambia yote mawili na kukuacha uamue. Asiye mzuri atapiga ukuta kwa kiganja na kukwambia wapiganaji wa miaka 800 iliyopita waliegemea hapahapa.

Ireland ina mafunzo rasmi ya waongoza watalii, na waliofaulu huvaa beji ya Fáilte Ireland, mamlaka ya utalii ya nchi hiyo. Kuuliza beji si utovu wa adabu. Lakini waigizaji na wanamuziki hawaihitaji ili wawe wazuri, kwa hiyo kwao angalia zaidi ukubwa wa kundi. Kundi la watu kumi na wawili linaingia baa na kukaa. Watu arobaini wanaziba mlango, wenyeji wanakunja uso, na wewe uliye nyuma unasikia nusu ya hadithi.

Hapo ndipo penye udhaifu wa ziara hata ile nzuri. Ukienda na kundi, unaingia baa kama kundi. Mwenyeji hatakusemesha kwa sababu anaona una wenzako. Dakika ishirini zikiisha, mnaondolewa, hata kama mzee wa meza ya pili ndiyo kwanza ameanza kukuuliza umetoka wapi. Kiongozi anakuhadithia watu waliozungumza humo zamani. Wanaozungumza humo leo, huwasikii.

Tena kuna kusimama. Saa mbili za ziara ni kusimama na kutembea, juu ya mawe, pengine kwenye mvua. Mama mwenye magoti mabovu alijue hilo kabla ya kulipa.

Ukienda mwenyewe

Kujizungusha ni rahisi kwa miguu na kugumu kwa adabu. Mgeni asiyejua taratibu za mahali hukaa kona moja, hunywa haraka, na kuondoka akisema watu wale ni wakali. Fikiria Mzungu aingie peke yake kwenye kilabu cha mbege. Hajui kwamba aliyepika huonja kwanza mbele ya watu, hajui kata inakwenda kwa mkubwa kabla yake, hajui wapi pa kukaa. Hakuna aliyemchukia, ila kila anachofanya kinakwenda kombo. Dublin nako kuna mambo yao, na tukiyataja hapa, nusu ya kazi ya kiongozi itakuwa imefanyika.

Huduma huchukuliwa kaunta. Ukikaa mezani ukisubiri mhudumu, katika baa nyingi utakaa mpaka usinzie. Hakuna foleni ya mstari. Unasimama kaunta, mhudumu anakuona, anakumbuka nani alitangulia. Usipige vidole wala kuita kwa sauti. Ukiagiza Guinness ya bomba atajaza glasi kama robo tatu, ataiweka pembeni itulie, kisha ataimalizia. Inachukua karibu dakika mbili. Mgeni huinyakua ile glasi ambayo haijajaa akidhani amesahauliwa, na kaunta nzima inatabasamu. Bakshishi kaunta si lazima.

Jambo la pili ni raundi. Neno tunalo na tabia tunayo, lakini wao wanaichukulia kwa uzito zaidi. Ukikaa na watu wanne na mmoja akanunua kwa wote, umeshaingia deni la kununua kwa wote zamu yako ikifika. Kukwepa zamu ni aibu inayokumbukwa miaka. Kwa hiyo anayekunywa kidogo asiingie raundi kabisa. Anasema mapema, "Nitajinunulia mwenyewe, mimi nakunywa moja tu," na jambo limekwisha. Akishapokea glasi ya kwanza ya bure, amechelewa.

Kisha nusu. Ukitaja Guinness bila kusema zaidi, utapewa painti. Ukiomba "glasi" ya Guinness, kwa lugha ya Dublin umeomba nusu painti, mililita 284. Kwa baba anayeonja, hilo ndilo neno la kujifunza. Ipo pia Guinness 0.0 isiyo na kilevi, na hakuna anayemcheka anayeiagiza. Mama ataagiza chai.

Kuhusu sukari tuseme wazi: pombe inaweza kushusha sukari mwilini ghafla kwa anayetumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge, hasa akinywa bila kula. Baba aulize daktari wake kabla ya safari, ale kabla ya kunywa, na binti ajue dalili. Binti ni muuguzi, hapo tuna bahati. Na kwenye chakula, kuna mchuzi maarufu wa Dublin unaoitwa coddle. Ndani yake huwa na soseji na nyama ya nguruwe. Wasikilizaji wetu Waislamu, na Wasabato pia, wauepuke.

Katika baa kadhaa utaona kijichumba kidogo chenye mlango wake na kidirisha cha kupitishia vinywaji kutoka kaunta. Zamani waliokaa humo ni mapadri, polisi waliotakiwa kuwa kazini, na zaidi wanawake, kwa kuwa mwanamke kuonekana kaunta ilikuwa aibu. Mpaka miaka ya 1970 kulikuwa na baa Dublin zilizokataa kumuuzia mwanamke painti nzima. Leo mwanamke anakaa anapotaka, na vile vijichumba watu wanavigombania. Baa ya Kehoe's, Mtaa wa South Anne, inacho kimoja kizuri. Mkifika mapema, wakati wa mchana, familia ya watu watatu inakaa humo kama sebuleni.

Muziki nao una adabu zake. Katika baa ya The Cobblestone, upande wa Smithfield, wapigaji hukaa kuzunguka meza kama watu wengine, hakuna jukwaa. Wanapiga kwa ajili yao na kwa ajili ya wimbo. Viti vilivyo karibu na meza hiyo ni vya wapigaji hata kama viko wazi. Mtu akiimba peke yake, chumba chote kinanyamaza. Usiwaombe wimbo unaoujua wewe, na simu usiwasogezee usoni. Mwaka 2021 kulikuwa na mpango wa kujenga hoteli mahali hapo, watu wakaandamana barabarani wakipiga muziki, na halmashauri ya jiji ikakataa kibali. Ukikaa pale jioni moja unaelewa kwa nini waliandamana.

Njia moja ya mchana

Kwa anayetaka kwenda mwenyewe, sisi tungeanzia Mtaa wa Harry, kando ya Grafton. Pale kuna sanamu ya Phil Lynott, mwanamuziki wa roki, mama yake Muayalandi na baba yake mtu mweusi kutoka Guyana. Si baa, lakini kwa mgeni kutoka Afrika ni mahali pazuri pa kuanzia. Hatua chache mbele ni McDaid's, walikokunywa Brendan Behan na mshairi Patrick Kavanagh, wakorofi wawili ambao hawakupatana. Ingia, tazama dari lilivyo juu, agiza nusu.

Kutoka hapo Mtaa wa Duke ni karibu, na Davy Byrne's iko huko. Tungepita tu na kuchungulia, kisha tukakae Kehoe's. Ukiwa bado una nguvu, zunguka bustani ya St Stephen's Green mpaka Merrion Row, kwenye baa ya O'Donoghue's, ambako kikundi cha The Dubliners kilianza mwaka 1962. Hizo ni baa tatu za kuingia. Wanaojitangaza kufanya baa nane kwa jioni moja wanazihesabu tu, hawazioni.

Eneo la Temple Bar tunaliruka kwa makusudi. Lina rangi, lina muziki wa vipaza sauti, na limejaa watalii wanaotazamana. Painti inayouzwa kama euro 6 au 7 kwingine, pale inaweza kukaribia 10. Lipitie, piga picha, endelea.

Baa tunayoipenda zaidi iko mbali kidogo na hizo, kama kilomita tatu kaskazini mwa mto, huko Glasnevin. Inaitwa John Kavanagh, lakini watu wote wanaijua kama baa ya wachimba makaburi, kwa kuwa ukuta wake umepakana na makaburi makubwa ya Glasnevin. Familia moja imeiendesha tangu mwaka 1833. Haina televisheni, haina muziki, na kuimba hairuhusiwi. Inasimuliwa kwamba wachimba makaburi walikuwa wakigonga ukuta kwa mawe kuagiza, na painti zikapitishwa kwao juu ya beleshi. Basi la kutoka katikati ya mji linafika karibu, unagusisha kadi ya Leap mlangoni na kupanda.

Huko kuna mpango unaotupendeza kuliko ule wa kuchagua moja na kuacha jingine. Makaburi yenyewe yana ziara ya mchana yenye kiongozi. Zaidi ya watu milioni moja wamezikwa humo, pamoja na Daniel O'Connell na Michael Collins, na mgeni akitembea peke yake ataona mawe tu. Hapo lipa. Ukitoka, kaa baa ya Kavanagh bila kiongozi, kwa sababu humo hakuna cha kuelezwa, kuna cha kukaa na kusikiliza.

Usiku na kurudi nyumbani

Hapa ziara yenye kiongozi ina faida, na lazima tuiseme. Mwezi Juni jua la Dublin huzama karibu saa nne usiku, hivyo ziara inayoanza saa moja na nusu jioni inakwenda mchana kweupe. Mwezi Desemba giza linaingia saa kumi na ushee alasiri. Mgeni wa majira ya baridi, asiyejua mitaa, kwenye barafu na mvua, ana sababu nzuri ya kuwa ndani ya kundi.

Na kuna jambo zito zaidi. Novemba mwaka 2023 kulikuwa na ghasia katikati ya Dublin, mabasi yakachomwa, na wahamiaji wakatukanwa na kutishwa. Mji ulirudi kwenye hali yake, na wageni wengi kutoka Afrika wanaishi na kufanya kazi humo kila siku. Hata hivyo usiku wa manane wa wikendi, baa zikifungwa, mitaa huwa na walevi, na mlevi hana breki ya mdomo. Kwa kawaida baa hufunga saa tano na nusu usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, na saa tano Jumapili. Wazazi wawe wameshapanda basi saa moja kabla ya hapo. Ziara ya mchana wa siku ya kazi, mwenyewe, ina utulivu kuliko ziara yoyote ya Jumamosi usiku, hata iwe na viongozi watatu. Na dereva, kama binti atakuja na gari, asinywe kabisa.

Tulivyomjibu mama

Tulimwandikia hivi. Mama, mwambie binti asikate tiketi ya ziara ya baa nane. Kama fedha ipo, akate moja ya muziki au ya waandishi, iwe siku za mwanzo, katikati ya wiki. Kati ya hizo mbili, ya muziki, kwa sababu Kiingereza cha waigizaji wale kinakwenda mbio na utani wake ni wa kwao, lakini filimbi haihitaji mkalimani. Aulize kabla mambo matatu: kundi ni watu wangapi, kuna viti, na kinywaji kimo au hakimo. Kama fedha haipo, waache bila majuto.

Siku nyingine, Jumanne au Jumatano mchana, waende Glasnevin, walipie makaburi, kisha wakae Kavanagh saa mbili. Baba aombe glasi, asiombe painti, baada ya kula. Mama aombe chai. Wasijaribu kumaliza haraka. Mtu wa pembeni atauliza wametoka wapi, na baba akitaja Kilimanjaro, ajiandae kusimulia mbege inavyopikwa kwa ndizi na ulezi, maana swali la pili litakuwa hilo.

Jibu lake lilikuja kesho yake asubuhi: "Asanteni. Baba anauliza kama anaweza kubeba ulezi kidogo awaonyeshe." Tumemshauri aulize kwanza masharti ya forodha ya Ireland kuhusu kuingiza nafaka na mbegu.